Ua mdogo wa nyuma: kiti kwanza, mche baadaye

Maswali ni yale yale. "Nina kieneo kidogo nyuma ya nyumba, nipande nini?" "Niweke nyasi au pevingi (vitofali vya zege vya kulaza chini)?" "Nifanyeje paonekane pakubwa?" Nimeyajibu kipande huku, kipande kule, mpaka nimeona heri niyaweke yote mahali pamoja. Mwenye swali la kwanza namkatisha mapema: achana kwanza na utapanda nini. Jiulize utakaa wapi, utapita wapi, na maji ya mvua yataelekea wapi. Mimea itapata kile kitakachobaki, na kitabaki kingi kuliko unavyodhani.

Nasema hivyo kwa sababu ua wangu wa kwanza niliuanza kwa mimea. Nilirudi nyumbani na miche kumi na tisa, kila mmoja na aina yake, nikaipanga kuzunguka ukuta wote. Haikuchukua miaka miwili vichaka vikawa vimejisogeza hadi katikati. Ukivuta kiti utoke mezani, miguu yake miwili ya nyuma inazama kwenye tuta la maua. Ikawa tunakaa ndani, tunauangalia ua dirishani.

Mwongozo huu ni wa eneo la mita za mraba 15 hadi 60 hivi. Mfano nitakaoutumia ni ua wa mita 6 kwa 5.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Futi ya kupimia, ya mita 5 au zaidi
- Karatasi, rula, penseli na kifutio (kifutio ndicho kitakachoisha kwanza)
- Vigingi ishirini hivi na uzi wa fundi
- Pima maji (kile kifaa cha fundi chenye kiputo, cha kuangalia usawa), pamoja na ubao mrefu ulionyooka
- Koleo, sululu na toroli
- Mpira wa kumwagilia au kamba nene, kwa kuchorea mikunjo ardhini
- Viti na meza utakazotumia kweli, au vipimo vyake
- Wiki mbili za kutofanya chochote zaidi ya kuangalia

Ujue pia mabomba, nyaya na shimo la maji machafu vinapita wapi, na mpaka wako unaishia wapi hasa. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya sululu kugusa ardhi. Vinginevyo baki na vyungu, viti na kokoto, vitu unavyoweza kuhama navyo.

Hatua ya 1: Pima, kisha chora

Chora kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya ardhi. Ua wetu wa mita 6 kwa 5 unakuwa sentimita 12 kwa 10, na pembeni panabaki nafasi ya kuandika. Usiamini kwamba ua ni mstatili kwa kuwa macho yanasema hivyo. Pima kwa mshazari kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo vikitofautiana, ua wako umepinda, na ni heri ulijue hilo leo kuliko siku ya kukata vigae.

Tia kwenye mchoro mlango na upande unaofungukia, madirisha, bomba la maji, mifuniko ya chemba, miti iliyopo, na mahali maji ya paa yanapoangukia. Chemba usiifunike kwa kitu kisichong'oleka. Itaziba siku moja, na siku hiyo hutapenda kuvunja sakafu uliyoipamba.

Hatua ya 2: Liangalie jua, yaangalie maji

Chagua siku ya jua, utoke mara tatu: saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Kila mara chora kivuli kinapoishia. Mistari mitatu hiyo itakueleza mengi kuliko mwuza miche yeyote. Zingatia hasa jua la jioni. Limelala chini, kwa hiyo linapenya chini ya mwavuli na chini ya paa la baraza. Linazuiwa kwa kitu kilichosimama upande wake, kama kichaka, pazia au fito zenye mmea wa kutambaa. Watu wengi hununua mwavuli mkubwa, kisha wanashangaa bado wanakunja macho.

Mvua ikinyesha, toka nje nayo. Tazama maji yanatuama wapi na yanakimbilia wapi. Mvua ikikata, upime udongo: chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na sentimita 30 kwa upana, lijaze maji, yaache yanywewe yote, kisha lijaze tena na usimamishe kijiti cha kupimia. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, mimea mingi itaridhika. Yakishuka chini ya sentimita 1, udongo wako ni mzito. Panda kwenye matuta yaliyoinuliwa au kwenye vyungu, na usitegemee ardhi hiyo imeze maji ya paa zima.

Hatua ya 3: Orodhesha kazi za ua, kisha kata nusu

Kukaa. Kuanika nguo. Mapipa ya taka. Watoto kucheza. Mboga kidogo. Baiskeli. Kuchomea nyama. Ua wa mita za mraba 30 hauwezi kubeba yote hayo na bado ukawa ua. Chagua kazi tatu, nne zikizidi.

Kazi chafu zipangiwe kwanza, kwa sababu zisipopewa mahali zitajichukulia mahali pazuri kuliko pote. Kamba ya nguo inataka jua na upepo, na iwe mahali ambapo mtu aliyebeba beseni anafika bila kukwepa meza. Mapipa yawe karibu na njia ya kutokea, upande ambao upepo hauleti harufu kwenye viti. Kizuizi cha fito chenye urefu wa mita 1.2 hadi 1.5 kinatosha kuyaficha.

Hatua ya 4: Ugawe ua ukiwa umesimama ndani yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Karatasi inadanganya. Kwenye karatasi njia ya sentimita 60 inaonekana njia; ukiwa na ndoo mkononi ni mtego.

Vipimo vya kuanzia ni hivi:

- Meza ya watu wanne: mita 3 kwa 3. Meza yenyewe ni sentimita 90 hivi, lakini kila upande kiti kinahitaji sentimita 75 hadi 90 ili mtu aweze kuinuka.
- Viti viwili na kimeza: mita 2 kwa 1.5.
- Njia ya mtu mmoja au toroli: sentimita 90. Kwa watu wawili sambamba, au kiti cha magurudumu: sentimita 120.
- Benchi au ukuta wa kukalia: kimo cha sentimita 45.

Kipimo cha mwisho kina faida ya ziada. Ukijenga tuta la mimea lenye kingo za sentimita 45, na juu yake upana wa sentimita 30, umepata viti vya wageni sita bila kuleta kiti hata kimoja.

Sasa chukua vigingi na uzi, weka alama za eneo la kukaa. Ili kona iwe ya nyuzi 90, pima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe sentimita 100 kamili. Tandaza mpira wa kumwagilia kuonyesha ukingo wa matuta. Weka meza na viti mahali pake. Sehemu itakayopandwa kichaka, simamisha kiti chenye ndoo juu, kiwe kama mwakilishi. Halafu uishi hivyo kwa wiki nzima. Anika nguo, toa taka, kaa jioni. Utajikuta umeruka uzi mahali fulani mara tatu kwa siku. Njia inapaswa kupita hapo, hata kama mchoro unasema vingine.

Kwenye ua wetu wa mfano hesabu inakwenda hivi: kukaa mita za mraba 9, njia 4.5, kona ya kazi 3.5. Zinabaki 13. Usizijaze zote. Eneo tupu ndilo linaloupa ua pumzi.

Kosa la kawaida hapa ni kubandika eneo la kukaa ukutani mwa nyumba kwa sababu tu mlango uko hapo. Kama kivuli kizuri cha jioni kiko kona ya mbali, mpeleke mtu huko kwa njia. Ule mwendo wa hatua sita kwenda kukaa ndio unaoufanya ua uonekane una safari.

Hatua ya 5: Ufanye uonekane mkubwa

Ukichungulia mlangoni ukauona ua wote kwa mara moja, jicho limemaliza kazi. Ficha kidogo. Kichaka kimoja kirefu au fito zilizochomoza mita 1 kutoka ukutani, kiasi cha theluthi mbili ya safari, zinatosha kumfanya mtu ajiulize nyuma yake kuna nini. Hata kama kuna pipa.

Pindua mistari. Vigae vilivyolazwa kwa mshazari huvuta jicho hadi kona ya mbali, ambayo ndiyo urefu mkubwa kuliko wote ulio nao: kwenye ua wa mita 6 kwa 5, kona hadi kona ni karibu mita 7.8. Fahamu tu kwamba mshazari unakula vigae zaidi kwa sababu ya vipande vya kukata pembeni.

Tumia vifaa vichache. Sakafu ya aina mbili, mbao za rangi moja, vyungu vya familia moja. Ua mdogo wenye matofali mekundu, vigae vya kijivu, kokoto nyeupe na nyasi bandia unaonekana kama chumba cha sampuli.

Na vitu viwe vikubwa. Najua inasikika kinyume. Chungu kimoja chenye upana wa sentimita 60 kinatuliza macho. Vyungu kumi na viwili vya sentimita 15 vinaonekana vurugu, na vyote vinakauka kabla ya jioni.

Hatua ya 6: Sakafu

Nyasi kwanza, kwa kuwa wengi mnazitaka. Nyasi nyingi zinataka jua la moja kwa moja la saa 4 hadi 6 kwa siku, na hazivumilii kukanyagwa njia ile ile kila siku. Kama kuta zako ni ndefu na ua ni mwembamba, utakuwa unafuga tope. Ukiwa na watoto na jua la kutosha, weka, ila zikusanye pamoja katika umbo moja rahisi kukata, wala si vipande vipande kati ya vigae.

Kwa eneo la kukaa la pevingi au vigae vinene, kazi ni hii:

1. Weka mwinamo kabla ya chochote. Sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Kwa mita 3, ukingo wa mbali uwe chini kwa sentimita 3 hadi 6. Macho hayatauona, maji yatauona.
2. Chimba sentimita 19: 10 za msingi wa kokoto, 3 za mchanga, 6 za pevingi. Kwenye mita za mraba 9 hiyo ni mita za ujazo 1.7 za udongo, na ukishatifuliwa unavimba kupita 2. Ni safari thelathini hivi za toroli. Amua udongo huo unakwenda wapi kabla hujaanza. Ule wa juu, mweusi, uweke kando kwa ajili ya matuta.
3. Mwaga kokoto zenye mchanganyiko wa ukubwa, pamoja na vumbi lake, kwa tabaka mbili, ukishindilia kila tabaka mpaka kisigino hakiachi alama. Agiza robo zaidi ya hesabu, maana zitashuka.
4. Funga kingo kwa mawe au matofali yaliyosimikwa kwenye zege. Sakafu isiyo na kingo hutanuka pembeni mwaka wa kwanza tu.
5. Tandaza mchanga, usawazishe kwa ubao ulionyooka, na usiukanyage tena. Laza pevingi ukianzia kwenye ukingo ulionyooka, ukisonga mbele juu ya zile ulizokwisha laza.
6. Fagia mchanga mkavu kwenye nafasi katikati, shindilia, fagia tena.

Onyo: uso wa sakafu ya nje uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Fundi wangu alinishawishi tulaze pevingi mpya juu ya zege la zamani "kuokoa muda", nami nikakubali kwa uvivu wa kuchimba. Mvua kubwa ya kwanza iliingia jikoni ikabeba kandambili. Tuling'oa pevingi zote.

Ukiona kazi hiyo ni nzito, tumia kokoto za milimita 10 hadi 20, unene wa sentimita 5, juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Maji yanapenya, na zinafaa sana kwa njia. Ila viti vyenye miguu myembamba vinazama, kwa hiyo pale mezani weka vigae vichache.

Hatua ya 7: Kuta, kivuli na faragha

Ua mdogo una ukuta mwingi kuliko ardhi. Ua wetu una mita 22 za kuzunguka. Huo ndio ukumbi wako wa pili. Funga nyaya au fito sentimita 5 hadi 10 mbele ya ukuta, hewa ipite nyuma, kisha pandisha mmea wa kutambaa. Ule unaojishikiza wenyewe kwa vimizizi uuepuke kwenye plasta dhaifu, maana siku ya kuutoa utatoka na rangi.

Kuhusu faragha, usikimbilie kuinua ukuta mzima. Kaa kwenye kiti chako, tazama dirisha ambalo jirani anaweza kukuonea, uangalie ni mstari gani hasa wa macho unaokuumbua. Mara nyingi mti mmoja mwembamba, ukiwekwa karibu na kiti badala ya mpakani, unamaliza shida.

Hatua ya 8: Sasa panda

Kununua mche bila kuuliza ukubwa wake ukikomaa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kichaka chenye upana wa mita 1.5 kinapandwa sentimita 75 au zaidi kutoka ukutani, hata kama leo kinaonekana yatima. Nafasi za katikati zijaze maua ya msimu mmoja mpaka wakubwa wakue.

Aina tano hadi saba zinatosha, kila moja ikirudiwa. Anza na mti mdogo mmoja au kichaka kirefu, halafu vya kimo cha kiuno, halafu vya kufunika ardhi. Angalau nusu viwe vya kijani mwaka mzima, usije ukabaki na vijiti.

Shimo liwe na upana mara mbili ya fungu la mizizi, lakini kina kile kile, si zaidi. Loweka mche kwanza. Mizizi iliyozunguka kama kamba ndani ya chungu ifumue kwa vidole. Shingo ya shina ibaki usawa wa ardhi; ikifukiwa inaoza. Tandaza majani makavu au maganda ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina.

Vyungu lazima viwe na tundu chini. Ile desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu "ili maji yatoke" iache: maji hubaki kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inapoteza nafasi.

Mambo ya kuogopa: mianzi inayotambaa (chagua ile inayoota fungu moja), miti ya jamii ya mkuyu karibu na mabomba au msingi, oleanda kwenye nyumba yenye watoto kwa kuwa sehemu zake zote zina sumu, na mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni unadhuru vibaya. Mmea wa miiba ukae mita 1 kutoka njiani.

Hatua ya 9: Taa

Chache, chini, zenye mwanga wa manjano: 2700 hadi 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Moja njiani, moja chini ya mti, moja mezani. Ile taa kali ya ulinzi ukutani iwe na swichi yake peke yake.

Mambo yakienda mrama

*Maji yanatuama katikati ya sakafu.* Msingi umeshuka. Ng'oa pevingi za hapo tu, ongeza kokoto ushindilie, rudisha mchanga, laza tena. Usijaze mchanga mtupu, utashuka tena.

*Pevingi moja inacheza ukiikanyaga.* Kingo zimeachia au mchanga umetoroka. Angalia kingo kwanza.

*Majani yanageuka manjano.* Kabla ya kuongeza maji, chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukiwa umelowa na unanuka, tatizo ni maji mengi. Wanaoanza huua mimea mingi kwa mapenzi kuliko kwa kiu.

*Mbu wameongezeka.* Visahani vya vyungu, ndoo, mfereji wa paa. Yai la mbu linafikia kuruka kwa siku 7 hadi 10 kukiwa na joto, kwa hiyo mwaga maji hayo kila wiki bila kukosa.

*Bado unaonekana finyu.* Ondoa kitu, usiongeze. Anza na vyungu vidogo.

*Magugu kati ya vigae.* Yameota juu, kwenye vumbi lililojaa, hayakutoka chini. Fagia mara kwa mara, na ujaze upya mchanga mkavu.

*Kila kitu kiko sawa, ila hakuna anayekaa nje.* Usivunje. Hamisha viti tu, kila wiki kona nyingine. Watu hawapendi kukaa wakiwa wameupa mlango mgongo, wala mahali ambapo jua linawatafuta. Kwangu viti vilihama mara tatu. Sasa viko kwenye kona ambayo kwenye mchoro wangu wa kwanza imeandikwa, kwa penseli nzito, "mapipa".